Kunyoa, kupunguza au kukata chini: njia ipi inafaa kichaka kifupi chenye majani mwaka mzima?

Mwenye kichaka kifupi kisichopukutisha majani hufika siku akakuta kimevuka mpaka aliokiwekea: kimefunika njia, kimeziba dirisha la chini, au kimejaa kijani juu huku ndani kikiwa kikavu na kitupu. Hapo huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kunyoa, yaani kupitisha mkasi wa ua juu ya uso wote wa kichaka na kukata kila ncha inayojitokeza. Ya pili ni kupunguza, yaani kuchagua tawi mojamoja na kulikata pale lilipochipukia kwenye tawi kubwa zaidi. Ya tatu ni kukata chini, ambapo kichaka kizima hushushwa hadi kwenye mashina yake ya zamani ili kianze upya.

Watu wengi huchagua kati ya njia hizi kwa kutazama kifaa walicho nacho mkononi au muda walio nao, na hapo ndipo vichaka vingi vizuri huharibika. Swali linalopaswa kutangulia ni moja: je, mti mkavu wa ndani, yaani sehemu ya zamani ya matawi isiyo na majani, una macho hai, yaani vitumba vidogo vinavyoweza kuchipua? Mmea wenye macho hayo husamehe karibu kosa lolote la mkasi. Mmea usio nayo hubaki na alama ya mkato mbaya kwa maisha yake yote. Kwa maoni yangu, asiyejua jibu la swali hili kuhusu kichaka chake anapaswa kushika njia ya kupunguza mpaka atakapolijua, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo haidhuru sana mmea wa aina yoyote.

Namna tawi linavyojibu mkato

Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kwenye tawi na kuyazuia macho yaliyo chini yake yasichipue. Ncha ikiondolewa, kizuizi hicho huondoka, na macho kadhaa yaliyo karibu na kidonda huamka kwa pamoja, hivyo kwamba palipokuwa na ncha moja hutokea mbili, tatu au zaidi. Tawi likikatwa pale lilipochipukia, kwa upande mwingine, hakibaki kipande chenye macho ya kuamka, na nguvu ya mmea huelekea kwenye matawi jirani ambayo ncha zake bado zipo na bado zinayatawala macho yaliyo nyuma yao.

Tofauti hii ndogo ndiyo chanzo cha karibu kila kitu kinachotofautisha kunyoa na kupunguza. Kunyoa huzidisha ncha, na kupunguza huondoa matawi bila kuzidisha ncha. Anayetaka ukuta mzito wa majani ana sababu ya kunyoa. Anayetaka kichaka kipungue ukubwa na kibaki na umbo lake la asili hana sababu hiyo, na akinyoa atakuwa anafanya kazi inayopingana na lengo lake.

Kunyoa na kupunguza vikiwekwa pamoja

Sifa kubwa ya kunyoa ni wepesi. Mtu mwenye mkasi wa ua ulionolewa vizuri, au mashine ya umeme au ya betri, humaliza kichaka kwa dakika chache, na matokeo yanaonekana papo hapo: mstari ulionyooka, uso uliolingana. Kwa bustani yenye mpango wa mistari, yenye kingo fupi zinazozunguka matuta ya maua, hakuna njia nyingine inayoleta usafi huo. Mmea wenye majani madogo na unaochipua kwa urahisi, kama vile buksusi au holi ya Kijapani yenye majani madogo, huvumilia kunyolewa kwa miaka mingi.

Gharama yake hujilimbikiza taratibu. Kila kunyoa huongeza ncha kwenye tabaka la juu, tabaka hilo huwa zito, na mwanga hushindwa kupenya. Majani ya ndani yakikosa mwanga huacha kuulisha mmea na hudondoka, na kinachobaki ni ganda jembamba la kijani lililofunika mifupa mitupu ya matawi. Kichaka cha namna hii kikivunjika upande mmoja, au kikakatwa kwa kina kidogo kupita kawaida, shimo la kahawia hufunguka. Zaidi ya hayo, mwenye mkasi hulazimika kukata juu kidogo ya mkato wake uliopita ili abakize majani, kwa hiyo kichaka kinachonyolewa kwa bidii huendelea kunenepa mwaka hadi mwaka hata kama hakuna anayeona kikikua. Yule aliyeanza kunyoa ili kichaka kisizidi mpaka wake atakuta, baada ya miaka kadhaa, kwamba kimezidi na hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Kuna pia suala la magonjwa. Majani yaliyobanana hukauka polepole baada ya mvua au umwagiliaji, na kuvu nyingi huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi ili mbegu zao zipenye. Mfano unaojulikana sana ni ugonjwa wa mnyauko wa buksusi unaoletwa na kuvu Calonectria pseudonaviculata, ulioonekana kwanza Uingereza katikati ya miaka ya 1990 na kuthibitishwa Marekani mwaka 2011. Ugonjwa huu hudondosha majani kwa kasi na kuacha michirizi myeusi kwenye vijiti vichanga. Kupunguza matawi hakuuzuii peke yake, lakini kichaka kinachopitisha hewa hukauka haraka zaidi, na hiyo ni faida halisi mahali ambapo ugonjwa umeshafika au unatarajiwa.

Kupunguza kunadai uvumilivu na jicho. Mtu hupanua majani kwa mkono, hufuata tawi refu mpaka ndani, hutafuta mahali lilipogawanyika, kisha hukata hapo. Kisha husogea hatua moja nyuma, hutazama, na kuchagua tawi jingine. Kazi hii haiwezi kuharakishwa, na kwa ua mrefu wenye vichaka vingi sishauri mtu aiahidi kama hana muda. Hata hivyo kichaka kilichopunguzwa vizuri hakihitaji kuguswa tena kwa mwaka mzima au zaidi, ilhali kilichonyolewa huanza kutoa ncha zisizolingana baada ya wiki chache za ukuaji na kudai mkasi mara kadhaa katika msimu mmoja. Anayelinganisha muda wa siku moja ataona kunyoa ni nafuu. Anayelinganisha muda wa mwaka huenda akaona vinginevyo.

Uzuri wa kupunguza ni kwamba mkato hauonekani. Katika kichaka kinachotambaa, kama mreteni (juniper) wa chini, tawi la juu huinuliwa kwa mkono, lile refu lililo chini yake hukatwa pale lilipoungana na tawi jingine lenye majani, kisha la juu huachiliwa lirudi na kufunika kidonda. Kichaka hupungua kwa kipimo cha mkono mzima, na mpita njia hawezi kusema kimekatwa wapi. Njia hii inafaa hasa kwenye kingo za njia na ngazi, mahali ambapo kunyoa huacha ukuta wa kahawia uliosimama wima.

Njia ya kupunguza ina hasara zake pia, na si haki kuzificha. Kichaka kifupi mara nyingi hupandwa ili kifunike udongo na kunyima magugu mwanga. Kikipunguzwa kupita kiasi, mwanga hufika chini na magugu huibuka katikati ya matawi, mahali ambapo kuyang'oa ni shida. Majani ya ndani yaliyozoea kivuli yanaweza kuungua kwa jua kali yakifunuliwa ghafla. Kwa sababu hizo, kuondoa zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja ni kupita mpaka, na kwa mireteni ni salama zaidi kusimama kwenye robo.

Zipo hali ambazo njia hizi mbili hukamilishana. Katika ua wa buksusi, mkulima hunyoa uso ili apate umbo, kisha huingiza mkono na kung'oa au kukata vijitawi vichache hapa na pale, kila kimoja kwa urefu wa kiganja, ili mwanga upenye na macho ya ndani yaamke. Kwa yule anayependa mistari iliyonyooka lakini hataki ganda tupu, huu ndio mchanganyiko ninaoupendekeza bila kusita. Jambo moja la umbo lisisahauliwe: kitako cha ua kiwe kipana kidogo kuliko sehemu ya juu, kwa sababu ua uliopanuka juu hutia kivuli matawi yake ya chini na kuyaua.

Kukata chini: nani huinuka na nani hufa

Njia ya tatu ni ya kichaka kilichozeeka, kilichoachwa bila kuguswa kwa miaka mingi, au kilichonyolewa mpaka kikawa ganda. Kichaka hukatwa hadi kibaki na mashina ya takribani sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, na mmea hutegemea macho yaliyolala chini ya gome ili ujijenge upya. Ni njia inayotisha kwa macho, na kwa mimea inayoiweza hutoa matokeo ambayo njia nyingine haziwezi kuyafikia, kwa maana kichaka hupata mashina mapya na majani kuanzia chini kabisa.

Buksusi, taksusi, azalea zisizopukutisha majani, kotonesta na euonimasi inayotambaa huchipua kutoka kwenye mti wa zamani. Taksusi inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ni ya kundi la misonobari na jamaa zake, kundi ambalo kwa sehemu kubwa haliwezi kufanya hivyo, na bado huchipua hata kutoka kwenye shina nene lisilo na jani moja. Ndiyo maana imetumika kwa karne nyingi katika bustani za Ulaya kwa nyua na maumbo ya kuchongwa.

Mreteni ni kinyume chake. Ndani ya kila mreteni uliokomaa kuna eneo lililokufa, lenye sindano (majani yake membamba) za kahawia au vijiti vitupu, na mkato wowote unaoingia katika eneo hilo hauzibiki kamwe. Ndivyo ilivyo kwa jamii ya mivinje (sipresi) mifupi ya bustani. Msonobari mfupi wa milimani una utaratibu wake: haukatwi kwa mkasi wa ua hata kidogo, bali chipukizi zake mpya zinazosimama wima huvunjwa kwa vidole hadi nusu zikiwa bado laini, kabla sindano hazijafunguka, na macho mapya hujitengeneza kwenye sehemu iliyovunjwa. Zikishakomaa, nafasi hiyo imepita mpaka msimu ujao.

Lavenda na rozimari huwakwaza watu wengi kwa sababu zina majani laini na hukua kwa kasi, kwa hiyo hudhaniwa kuwa zitaweza kila kitu. Ukweli ni kwamba mti wao wa zamani uliokauka huchipua kwa shida au hauchipui kabisa. Lavenda hukatwa kila mwaka baada ya maua kuisha, vijiti vya maua pamoja na sehemu ya majani, na daima huachwa majani ya kijani chini ya mkato. Ikiachwa miaka kadhaa bila kukatwa, hurefuka, hulala na kufunguka katikati, na wakati huo ni busara kupanda mche mpya kuliko kuikata chini na kungoja kitu ambacho huenda kisije.

Kwa mmea ambao jina lake halijulikani, kuna jaribio rahisi. Tazama kwanza ndani ya kichaka: ukiona vichipukizi vidogo vya kijani vinajitokeza vyenyewe kwenye mashina makavu, ni dalili njema. Kisha kata tawi moja tu, mahali pasipoonekana, hadi kwenye sehemu isiyo na majani, na usubiri msimu mmoja wa ukuaji. Tawi likichipua, kichaka kinaweza kukatwa chini. Likikauka, umepoteza tawi moja badala ya kichaka kizima. Kukwangua gome na kuona kijani hakutoshi, kwa sababu kijani hicho kinaonyesha kwamba tawi li hai, na hakisemi lolote kuhusu kama lina macho.

Hata kwa mmea unaochipua vizuri, si lazima kukata kila kitu siku moja. Kuondoa theluthi ya mashina ya zamani zaidi kila mwaka kwa miaka mitatu hufikisha mahali pale pale, na bustani haibaki na pengo. Kwa kichaka dhaifu, chenye ugonjwa au kilichopandwa kwenye udongo mkavu, njia hii ya hatua kwa hatua ni bora zaidi, kwani kukata kila kitu kwa pamoja hulazimisha mmea kutumia akiba yote ya mizizi bila jani la kuirudisha.

Wakati wa kukata

Kukata chini na kupunguza kwa kiasi kikubwa hufanywa kabla tu ya ukuaji mpya kuanza: mwishoni mwa majira ya baridi katika nchi zenye majira hayo, na karibu na mwanzo wa mvua katika nchi zinazopata misimu ya mvua na ukame. Kunyoa hufanywa baada ya chipukizi za kwanza kukomaa kidogo. Palipo na baridi kali, kunyoa mwishoni mwa kiangazi huamsha chipukizi laini ambazo jalidi huziua. Palipo na jua kali, kukata katikati ya ukame huunguza majani yaliyofunuliwa.

Vichaka vinavyopandwa kwa ajili ya maua vina kanuni yao. Azalea hutengeneza macho ya maua ya mwaka ujao miezi michache baada ya kuchanua, kwa hiyo hukatwa mara tu maua yanaponyauka; anayechelewa hubaki na kichaka chenye afya lakini kisicho na maua. Iksora hutoa maua kwenye ncha za matawi, na kuinyoa kila mara ni kuikata maua yake kabla hayajafunguka. Kwa mimea hii miwili kupunguza kunashinda kunyoa kwa mbali sana, na sioni hali ambayo ningeshauri kinyume.

Vifaa na kidonda

Kwa kupunguza, mkasi wa mkono ambao makali yake mawili hupishana unatosha kwa matawi hadi unene wa sentimita 2 hivi. Mkasi ambao kali lake hugonga kwenye bapa huponda mti hai, na ni bora kuuacha kwa matawi makavu. Matawi manene zaidi, hadi karibu sentimita 4, yanahitaji mkasi wa mikono mirefu, na yanayozidi hapo yanahitaji msumeno wa kupogolea. Mkasi wa ua na mashine zake hufaa majani madogo tu. Kwenye majani makubwa huyachana katikati, na kingo zilizochanwa hugeuka kahawia ndani ya siku chache, hivyo kichaka huonekana kimeungua.

Mahali pa kukata katika njia ya kupunguza ni nje kidogo ya uvimbe mdogo ulio kwenye kitako cha tawi. Alex Shigo, mtafiti wa huduma ya misitu ya Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1930 na 2006, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama, bali hujenga vizuizi vinavyotenga sehemu iliyojeruhiwa, na kwamba uvimbe huo ni sehemu ya ulinzi wake. Ukikatwa pamoja na tawi, ulinzi unapotea. Ukiachwa na kisiki kirefu, kisiki hukauka na kuoza. Alionyesha pia kwamba kupaka rangi au lami kwenye vidonda hakuzuii kuoza, kwa hiyo gharama hiyo inaweza kuachwa.

Kotonesta hupatwa na ugonjwa wa bakteria Erwinia amylovora, ambao hufanya matawi yaonekane yameunguzwa kwa moto na ncha zake kujikunja. Tawi kama hilo hukatwa sentimita 20 hadi 30 chini ya sehemu inayoonekana kuugua, na mkasi hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mkato. Hapa kunyoa ni hatari, kwa sababu kali moja hupita kwenye ncha mamia na kuweza kusambaza ugonjwa katika kichaka chote kwa dakika moja. Mikono na ngozi zilindwe pia: utomvu wa mreteni huwasha baadhi ya watu, na majani ya taksusi na buksusi yana sumu kwa mifugo, hivyo vilivyokatwa visitupwe malishoni.

Uamuzi kwa kichaka kilicho mbele yako

Kama kichaka ni mreteni, mvinje mfupi au mmea mwingine usiochipua kutoka mti mkavu, njia ni kupunguza tu, kila mwaka na kwa kiasi kidogo, kuanzia kikiwa bado kichanga. Kama ni buksusi au taksusi katika bustani ya mistari, nyoa uso na kupunguza ndani. Kama ni kichaka cha maua, punguza mara baada ya kuchanua. Kama kimezeeka na mti wake wa zamani una macho, kikate chini, kwa mara moja kikiwa na nguvu au kwa miaka mitatu kikiwa dhaifu.

Inabaki hali moja ambayo hakuna njia kati ya hizi inayoiweza, nayo ni ile ya mreteni uliopandwa mahali padogo kuliko ukubwa wake wa asili na ambao tayari kijani chake chote kiko nje ya mpaka. Kila mkato wa kuurudisha ndani utaangukia kwenye mti mkavu. Kabla ya kuung'oa, chunguza matawi yake ya chini, kwa kuwa yale yanayolala juu ya udongo wenye unyevu mara nyingi huota mizizi yenyewe. Tawi kama hilo hukatwa kutoka kwa mama yake, huchimbuliwa pamoja na udongo na kupandwa mahali pengine panapolitosha, na nafasi iliyoachwa hupewa aina ambayo urefu wake wa utu uzima haupiti mpaka uliopo.